Tumbo Halikuiba

Sisi tuliokulia Alunguli, kando ya mto Lualaba, kabla simu hazijaingia mifukoni tulikula kwa mkono, wote kwenye sahani moja kubwa ya bati, na aliyezubaa alilala na njaa yake. Kulikuwa na bugali ya moto, sombe ya majani ya muhogo iliyotwangwa ikalainika, samaki wa Lualaba, na mawese yaliyotuteremkia mpaka kwenye viwiko. Leo vijana wetu wanakipiga chakula picha kwanza. Kikipoa, wanalalamika kimepoa!

Aliyetupakulia alikuwa Koko, mama aliyemzaa mama yangu. Alikuwa mnene, mweusi wa kung'aa, akipita barabarani utadhani njia yote ni yake. Akimaliza kula alilipapasa tumbo lake mbele yetu sote na kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Hakuona haya hata kidogo. Nilimpenda kwa hilo kuliko kwa chakula chenyewe.

Kisha vita vikaingia. Treni ikaacha kuja, chumvi ikapotea, na kwenda shambani kukawa kwenda kufa. Koko alikonda mpaka kitenge kikamzunguka mara mbili, lakini tumbo lile aliendelea kulipapasa na kushukuru. Tulikula sombe chukuchuku. Siku muhogo ulipopatikana, kipande kimoja kiliwekwa akiba kwa mdogo wangu Saidi, aliyekuwa mgonjwa.

Siku moja nikakila. Saidi aliamka, akakitafuta, akalia bila sauti kwa kukosa nguvu. Kilio kile, jamani, mpaka leo kinanichoma. Nikajihukumu mwenyewe kwamba tumbo hili ni jizi na halitakula tena. Nikamdanganya Koko kuwa nimefunga, naye siku ya kwanza akanisifu. Siku ya tatu nikaanguka kisimani, maji yote yakanimwagikia.

Nilitarajia kuchapwa fimbo. Koko akaniogesha kama mtoto mchanga, akachukua mawese kidogo tuliyobakiwa nayo, yale ya kupikia, akanipaka ubavu mmoja baada ya mwingine. Nikamweleza yote huku nalia.

"Tumbo haikuiba, mutoto wangu," akaniambia. "Ni wewe njo uliiba. Hii mwili ni amana ya Mungu, haiko adui yako. Enda umuombe mudogo wako musamaha, kisha ukule."

Nikaenda. Saidi aliniangalia, akasema nikae karibu naye, anasikia baridi. Basi, yakaisha. Leo ana watoto sita na kitambi cha kutosha.

Sasa binti yangu Mwamini ana miaka kumi na mitano. Mwezi uliopita alianza kuisukuma sahani. Nikalaumu simu, na wale wasichana wa humo wenye viuno vya nyigu. Nikamkemea kwamba enzi zetu tulitamani hata maganda. Siku ya tatu nikamkuta amejikaza kitenge tumboni mpaka anahema, nikamuuliza ni nani aliyemfundisha mambo hayo.

"Mama, ni wewe njo ulinifundisha. Ku harusi uliniita pipa, mashangazi wote wakacheka."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimeshasahau kabisa, maana kwangu ulikuwa utani tu.

Ijumaa, baada ya swala, nikapika na kuwaalika mashangazi wale wale. Mbele yao nikasema nimemkosea mtoto wangu, kwamba mwili wake Mungu ameuumba vizuri na mimi ndiye niliyeutukana. Safari hii hakuna aliyecheka. Mwamini akanawa mikono, akala matonge matatu, akaacha. Sikumhimiza.

Namkumbuka Koko na naona aibu. Yeye alikuwa na chungu kitupu, na hakumfundisha hata mmoja wetu kuuchukia mwili wake. Mimi chungu changu kimejaa, na mtoto wangu ameshinda na njaa kwa sababu ya mdomo wangu.