Mkutano Usio na Mgeni wa Heshima

Kwetu Meru, mkutano bila mgeni wa heshima ni harusi bila bibi arusi. Ndiyo maana siku ile, katika ukumbi wa kanisa pale Githongo, wafanyakazi wote wa shirika letu la kuwahudumia wakulima wa kahawa tulijazana nyuma tukaacha viti vya mbele vitupu. Tulimngoja mkubwa. Bosi wetu akasema hakuna mkubwa, hotuba wala ratiba. Kila mwenye jambo alitaje, na wanaolipenda wamfuate pembeni wakalijadili. Dereva akainua mkono.

"Sasa madam, kama hakuna program, nani atafungua na maombi?"

Tulicheka, tukaomba, tukaanza.

Wa kwanza kusimama alikuwa rafiki yangu wa ofisi ya Embu. Tetesi zilikuwa zimeenea kwamba ofisi yao ndogo itafungwa, na mshahara wake ndio uliomlisha mama yake na kumnunulia dawa. Hakuzungusha maneno. "Mimi nataka tuongelee ofisi yetu," alisema. "Isifungwe." Nusu ya ukumbi ilimfuata.

Mimi nilipewa kazi ya kuhifadhi yatakayosemwa, nikaja na makaratasi makubwa na kalamu za rangi. Rafiki yangu alinicheka.

"Dada, hiyo nani atasoma? Mkulima ukimpea karatasi anafungia sukari. Wacha tuimbe."

Basi kila kikundi kikatunga wimbo wa hoja zake kwa mahadhi ya pambio za kanisani, kwa Kimeru na kwa Kiembu, nami nikarekodi kwa simu. Wenye sauti za chura walichora kwa makaa juu ya magunia ya kahawa tuliyoyafumua na kuyashona pamoja. Wimbo wa rafiki yangu ndio uliotuinua vitini. Ulimhusu mzee wa Embu aliyefunga safari hadi Meru kuuliza habari za ugonjwa wa kahawa yake, akarudi akakuta miche imekauka.

Magunia tuliyatundika kiwandani, penye foleni ya kupima kahawa, na nyimbo tukazituma kwa WhatsApp. Wiki hiyo niliusikia wimbo wake kwenye simu ya mtu wa boda boda, akiongeza sauti. Moyo ulinijaa. Niliamini kabisa kwamba jambo lililoimbwa na watu wengi namna ile haliwezi kupuuzwa.

Ofisi ya Embu ilifungwa muda mfupi baadaye. Mhasibu ndiye aliyeninong'oneza kwamba uamuzi ulipitishwa kabla hatujakanyaga Githongo. Walichotaka wakubwa ni tuonekane tumeshirikishwa. Nililia chooni mpaka nikaishiwa machozi. Kisha nikanawa uso nikarudi kwenye meza yangu, kwa kuwa mimi nilikuwa bado nina meza.

Mwisho wa mwaka shirika likatoa kalenda. Picha yake ilikuwa ya siku ile: rafiki yangu katikati, kinywa wazi, anaimba, na chini yake neno moja kubwa, "Tunasikiliza." Kama ningepata kiberiti ningezichoma zote.

Januari nilikwenda kumwona kwao, nje kidogo ya mji wa Embu. Sikumkuta. Nilijua alikokuwa: kila asubuhi alivaa kama mtu wa ofisi, akaenda sokoni kufunga mafungu ya muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, na alikuwa ameniomba nisimwambie mama yake. Mama alinikaribisha, akanimiminia chai. Kalenda ilikuwa ukutani, juu ya televisheni.

"Mwenzako ako kazi," alisema, kisha akaielekezea fimbo yake. "Umeona? Watu wote hao wa ofisi, na wakachagua kuweka yeye."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Huyo mkubwa wenu, umwambie asante. Amenitunzia mtoto."

"Nitamwambia, mama," nikajibu, nikainamia kikombe asinione uso.