Wimbo Tuliodhani Ni wa Kati

Ninyi mliocheza kati kwa mpira wa matambara na kamba hamhitaji kuelezwa. Wawili wanarusha, mmoja yuko katikati anakwepa, akipigwa anatoka. Kwetu Muhuru Bay tulichezea kando ya nyavu za kuanikia omena, harufu ya samaki imetujaa hadi tukadhani hewa yote duniani hunuka hivyo. Mpira ukikukosa, wewe uliruka juu ukaimba, "Wit kendo, pod antie!" Rusha tena, bado nipo.

Wimbo wenyewe tuliuiba kwa mama. Aliuimba polepole akigeuza omena, sisi tukautia mbio na makofi. Na kwa kuwa "wit" ni kurusha, nami naitwa Awiti, wenzangu walisema nilizaliwa niwe bingwa wa kati. Basi mimi, kifungua mimba wa mama, nikavimba kichwa. Mara nyingine mama aliacha kazi akatutazama kwa muda, kisha akasema, "Imbeni, lakini vumbi isifike kwa omena yangu."

Vijana wa leo wana nyimbo za kupona tele kwenye simu. Wakiachwa Jumatatu, Jumanne wanatangaza wako "kwa healing". Nilikuwa nawacheka sana, mpaka Desemba binti yangu Adhiambo alipompoteza mtoto wake wa kwanza, bado mchanga. Aligeukia ukuta nyumbani kwangu Ndhiwa, chakula hataki, neno hatoi. Nikaogopa kwamba nitamzika na yeye. Nikampeleka kwa mama.

Mama hakumhoji. Alimketisha karibu na nyavu, akaanza kugeuza omena huku akiimba. Nikachangamka, nikamwambia binti yangu, "Huo ndio wimbo wetu wa kati!"

"Haikuwa ya kati," mama akasema bila kuinua kichwa. "Nilikuwa naambia kifo. Kilichukua Otieno wangu, kikarudi kikachukua Akoth. Wewe ni wa tatu, Awiti. Ulipozaliwa nilikutupa hapo njiani, jirani akakuokota akaniletea, ndio kifo kidhani wewe si wangu. Jina yako ilitoka hapo."

Nikaketi mchangani. Miaka yote hiyo nimejiita kifungua mimba! Jina niliambiwa ni la bibi mzaa baba, nami sikuuliza zaidi.

"Na ukatuacha tuuchezee?" nikasema.

"Mtoto wangu alikuwa anaruka," akajibu. "Ningemnyamazisha aje?"

Adhiambo akasogea, akashika upande wa pili wa wavu.

"Dana," akamwambia nyanya yake, na ndiyo mara ya kwanza kumsikia sauti tangu mazishi, "baada ya Akoth ulianza kula lini?"

"Siku ile nilianza kuimba. Nilikuwa nalia nikiimba, lakini nilikula."

Jioni hiyo binti yangu alikula ugali. Kidogo tu, tena kwa machozi, lakini alikula, na mimi nilitoka nje nikalie peke yangu.

Siku hizi hakuna anayecheza kati pale ufuoni. Watoto wameinamia simu, na nyimbo zao zinakuja na maelezo tayari. Sisi hatukuelezwa kitu. Tuliuimba ule wimbo kila mpira ulipotukosa, na kumbe mama aliutunga mpira ulipompata yeye.