Muwasho Niliodhani ni Upupu

Kabla ya kuugua nilikuwa mwanamke wa kelele. Mitumba ilikuwa imeruhusiwa, ile tuliyoiita kafa Ulaya enzi za kuiuza kwa kujificha, na mimi nilikuwa na meza yangu sokoni Sumbawanga. Meza ya jirani ilikuwa ya Mama Sikitu, rafiki yangu tangu utotoni kule Msanzi. Ini langu lilikuwa tayari na ugonjwa. Daktari alishaniambia limeanza kuota makovu, nihudhurie kliniki. Nilikwenda mara mbili, nikaona siumwi popote, nikaacha. Nani apoteze siku ya soko kwa kitu kisichouma?

Muwasho ulianza mwezi wa sita, kwenye viganja na nyayo. Nikasema ni baridi yetu ya Ufipa, nikajipaka mafuta. Ukapanda miguuni, mgongoni, mpaka ndani ya masikio. Kipele hakikuwepo hata kimoja. Nilijikuna kwa gunzi la mahindi mpaka shuka likawa na damu. Mume wangu, Baba Oliva, akahamia chumba cha watoto. Usingizi ulinikimbia, nikawa naogopa hata kupanda kitandani.

Wateja waliponiona najikuna juu ya nguo, walihamia kwa Mama Sikitu. Hapo ndipo akili yangu ilipoharibika. Kwetu mfanyabiashara akiwashwa bila kipele, watu wanauliza nani kamwekea upupu wa kichawi kwenye bidhaa. Wifi yangu Restuta hakuzunguka.

"Wifi, wateja wako wanakwenda kwa nani? Basi huyo huyo."

Nilichoma robota zima la nguo nyuma ya nyumba yetu mtaa wa Malangali. Kisha nikamfuata Mama Sikitu, nikamwita mchawi mbele ya soko zima. Alikuwa anamimina chai. Aliweka chupa chini, akanitazama.

"Mama Oliva, macho yako ni ya njano. Nenda hospitali."

Nikasikia ananitisha. Siku hiyo hiyo Restuta alinipeleka kwa mganga. Akanichanja chale kifuani na mgongoni, akanipa dawa chungu ya kunywa.

Chale za watu wengine hukauka hata kabla hawajafika nyumbani. Zangu zilikataa. Restuta alibana kwa kanga, kanga ikaloa, akaleta nyingine. Asubuhi damu ilikuwa bado inachuruzika, na nilipopiga mswaki nikatema mate mekundu. Mkojo ulikuwa kama chai ya rangi iliyokolea, choo kimepauka kama majivu. Niliogopa, jamani. Nilimwonyesha mume wangu kanga ya kunizikia.

"Nyamaza," akasema. Akanibeba mpaka hospitali.

Pale walinichoma sindano ya vitamini ya kusaidia damu igande, na damu ikakata. Kisha wakanipeleka Mbeya. Daktari wa huko, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya upole, aliniambia, "Nyongo yako imekwama kwenye ini. Haishuki tumboni, inarudi kwenye damu. Ndiyo maana umekuwa wa njano, ndiyo maana unawashwa. Bila nyongo tumboni, damu nayo inakosa vitamini ya kuigandisha."

"Nani kanifanyia hivi?"

"Hakuna, mama. Wenye ugonjwa wa ini wa muda mrefu, nyongo huwakwama wengi tu. Waulize wenzako hapa wodini."

Nikamgeukia mama wa kitanda cha jirani, mtu wa Tukuyu. Akafunua shuka, akanionyesha visigino vilivyochanika kwa kucha. Yeye alitupa godoro akidhani ni kunguni. Wa kitanda cha tatu alikuwa amenyoa nywele zote ili ajikune vizuri. Hakuna kati yetu aliyewahi kuutaja muwasho kliniki, kila mmoja alidhani ni ngozi tu. Nililia kama mtoto, maana muda wote huo nilidhani niko peke yangu duniani.

Nilipewa dawa ya unga ya kukoroga kwenye maji, inakwaruza koo kama mchanga. Nikakatazwa dawa zote za kienyeji. Baada ya wiki kadhaa nililala usiku mzima bila kujikuna.

Niliporudi, meza ya Mama Sikitu ilikuwa tupu. Neno lile moja nililomwita lilimfukuza sokoni. Nilimfuata Matai alikohamia, nikapiga magoti. Alinisamehe, Mungu ambariki, lakini Sumbawanga hajarudi kufanya biashara.

Nawashukuru madaktari, na mume wangu aliyenibeba. Ini langu halijapona, limetulia tu, na kila nikiwashwa na mbu moyo unanipasuka. Wewe mwenye ugonjwa wa ini, ukianza kuwashwa bila kipele, mwambie daktari siku hiyo hiyo. Usidhani ni ngozi tu, wala usitafute mtu wa kumlaumu. Mimi nilimtafuta nikampata, na alikuwa ndiye mtu wa kwanza kuniambia ukweli.