Urithi wa Mbuzi

Mumewe alipofariki, shemeji yake alilichukua shamba la migomba kabla machozi hayajakauka. Akaweka geti la bati na kufuli kubwa kama ngumi, na majirani wakambandika jina la Bwana Kufuli. Mjane akaachiwa nyumba, mbuzi mmoja na ulimi wake.

Ardhi ilimuuma, lakini kilichomkosesha usingizi ni mgomba mmoja aliopewa na mama yake siku ya kuolewa. Ndizi zake fupi, nene, tamu kama asali, na hapakuwa na mwingine mtaa mzima. Bwana Kufuli aliziuza kwa mbwembwe. Kila chipukizi lililoota pembeni alilichoma jembe moyoni kabla ya kulitupa, lisije likaota kwa mtu. Mjane alipoomba moja tu, aliambiwa akaote jua.

Akapata kibarua cha kuosha chupa kwenye kitalu kinachootesha miche ndani ya chupa. Aliona jinsi fundi, binti mmoja asiyevua barakoa, anavyokata kipande cha mmea kidogo kama punje na kukisimamisha kwenye rojo lenye sukari. Kikitoa watoto, nao hukatwa, mpaka rafu nzima inajaa ndugu wa tumbo moja. Siku hiyo fundi alikuwa anamenya ua la mgomba, lile jekundu linaloning'inia chini ya mkungu.

"Hilo nalo linaota?"

"Ule moyo wake wa ndani, mama. Bora liwe changa."

Kesho yake mjane alipita getini na mbuzi wake. Bwana Kufuli alikuwa chini ya mgomba ule ule, anakata ua.

"Shemeji, hata hilo hunipi? Mbuzi wangu ana njaa."

Jamaa alicheka mpaka tumbo likatikisika. Akalirusha juu ya geti. "Chukua, shemeji! Usije ukasema sikukupa urithi."

"Ahsante, shemeji. Mungu akuzidishie."

Mbuzi hakulionja; siku hiyo hiyo lilifika kwa fundi, moyo wake ukakatwa na kuingizwa chupani. Chupa za kwanza ziliota ukungu, na mjane akaziosha huku akilaani. Moja tu ilibaki safi. Hiyo ndiyo iliyozaa, ikakatwa, ikazaa tena. Mwenye kitalu alichukua nusu ya miche akauze. Nusu ya mjane ilikaa kwanza chini ya wavu izoee jua, kisha akaigawa bure, akianza na majirani waliopakana na uzio wa shemeji.

Mikungu ya majirani ilipokomaa, Bwana Kufuli alikosa wanunuzi. Akaja mbio, jasho linamtiririka.

"Mwizi wewe! Uliingilia wapi?"

"Sikuingia, shemeji. Ulinirushia mwenyewe, ukasema ni urithi. Mbuzi akakataa, ningefanyaje?"

Majirani waliangua kicheko. Mmoja akamnyooshea chipukizi. "Chukua, bwana, lina moyo wake. Sisi hatuchomi jembe."

Akageuka, akaondoka. Siku hiyo alisahau kufunga geti, likabaki wazi mpaka asubuhi, na hakuna aliyejisumbua kuingia.