Kumtoa Sezari Msituni Kabla ya Mtungi Kufunguliwa

Niliondoka nyumbani Masisi kwa sababu ya mtungi wa kasiksi, ile pombe ya ndizi ambayo mama yangu akiipika, ng'ombe wa mlima wa pili hugeuza shingo. Miaka ya hamsini ilikuwa bado michanga na maharagwe yalikuwa yakikauka shambani. Baba alikuwa ametangaza mbele ya ukoo kwamba siku mtungi wa mavuno utakapofunguliwa, Sezari awe ameketi kwenye mkeka wetu, la sivyo dada yangu Furaha ataposwa na mwingine.

Sezari alikuwa mchumba wa Furaha na mwenzangu wa shule. Tulilala vitanda jirani katika bweni la mapadri, yeye akikoroma, mimi nikihesabiwa makosa ya kukoroma. Alimaliza, akaenda kuwa kapita, yaani msimamizi wa vibarua, kwenye machimbo ya bati huko Walikale. Mimi nilimaliza baadaye kwa masomo ya jioni, na cheti changu mama amekitundika ukutani, juu kidogo ya Bikira Maria. Tangu Sezari aende, mavuno mawili yalikuwa yamepita. Alituma salamu na chumvi kwa mashofere wa malori, mwenyewe haonekani.

"Nitaoza mutoto yangu kwa chumvi?" baba aliuliza.

Yule mwingine aliitwa Dominiko, naye wa bweni letu, sasa msaidizi kwenye zahanati. Alikuwa na baiskeli. Mlima wetu haupandiki kwa baiskeli, hata mbuzi hupanda wameshika majani kwa meno, kwa hiyo Dominiko aliibeba begani mpaka uani, akaiegemeza ukutani, akajipangusa jasho na kusema amepita tu.

Kwa desturi ya ukoo wetu, mposaji huingia uani kwa miguu yake, hushika mrija na kunywa mbele ya baba. Baba hamkaribishi, wala mshenga hafungui kinywa. Anayesimama nje akingoja kukaribishwa na hao huhesabiwa kuwa hakuja. Mshenga wa Sezari nilikuwa mimi, kwa hiyo safari ilikuwa yangu.

Asubuhi ya kuondoka nilimkuta Furaha kwenye shamba la maharagwe, lile linalopakana na shule. Humo ndimo alimokulia, na kila mwisho wa muhula alisikia Padri akiita majina yetu tuende nyumbani. Aliyajua yote kwa mpangilio, na akitaka kunikasirisha aliyaita kwa sauti ya Padri, puani, mpaka nami naitika.

"Kaka," alisema bila kunyanyuka, "umuambie mimi siko benchi ya kanisa, ya kungoja watu mpaka siku ya mungu."

"Ni hayo tu?"

"Umuambie pia Dominiko iko anakuya kila siku. Na baiskeli."

Nyabiondo nilifika mchana, matope yakinifika kwenye fikira. Nilipokelewa na Anselmi, mwenzetu ambaye shuleni akiona damu ya pua alizimia kabla ya mwenye pua. Sasa alikuwa mchinja ng'ombe. Alinikaribisha na panga mkononi, aproni nyekundu mpaka magotini.

"Anselmi, na ile kuzimia?"

"Ningali nazimia, kaka. Lakini sasa ng'ombe njo anatangulia."

Alinipa sombe, yale majani ya mihogo yaliyotwangwa, na nyama ambayo ingelisha parokia, akaniuliza habari za kila mtu wa bweni, na kwa kila jina alitikisa kichwa kwa huzuni, hata kwa waliofanikiwa. Kuhusu Sezari alisema kitu kimoja tu: "Yule hajakataa kuya. Yule alikuwa mutoto wa kutii sana." Sikuelewa, nikaomba mfupa wa pili.

Baada ya Nyabiondo milima ikaisha na msitu ukaanza. Miti ya huko ni mirefu kiasi kwamba mvua ya Jumatatu huwafikia watu Jumatano. Shofere mmoja alinipakia juu ya magunia ya mihogo, akanishusha kila penye kilima ili nisukume, na kunipandisha kila penye mteremko, ili, alisema, niwe mzito wa kutosha.

Kijijini Mpofi, shofere nami tulilala kwa Gaspari. Shuleni Gaspari alikuwa mkimya mpaka tukadhani ni mgeni asiyejua lugha. Sasa ni katekista. Alianza kusema nilipovua viatu, na nilipovivaa asubuhi alikuwa bado kwenye utangulizi. Mkewe, Mama Gaspari, alinifungia lituma, ndizi za kuponda, kwenye majani akaninong'oneza: "Papa, ukirudi, upitie tena. Akiwa na mugeni, mimi napumuzika."

Kambi ya bati ilikuwa ndani ya msitu, mwendo wa nusu siku kutoka hapo. Nilipofika, chuma kiligongwa, na wanaume wazima wenye ndevu wakajipanga mstari mbele ya nyumba yao ndefu, mikono mbele. Kapita alipita akikagua kucha. Alikuwa Sezari. Kabla sijajua ninafanya nini, nami nilikuwa kwenye mstari, kucha nje.

Alizikagua zangu pia. "Chafu," alisema. Kisha akaniangalia usoni, akanikumbatia mpaka lituma ikasagika mara ya pili.

Alinionyesha makao yake kwa fahari. Vitanda vilitandikwa kama vyetu, na watu walikula bila kusema. Kibarua mmoja alinyoosha mkono kuomba chumvi. Nilimweleza Sezari habari ya mtungi, ya baba na ya baiskeli. Alikaa chini.

"Furaha alisema nini?"

"Kwamba hayuko benchi ya kanisa. Sezari, kwa nini huji?"

"Bado hawayaita jina yangu."

"Nani?"

"Wenye kazi. Wengine wanaitwa, wanapewa konje ya kupumuzika, wanaenda kwao. Mimi niko nangoja."

"Uliomba?"

Alinitazama kana kwamba nimemwambia tuibe divai ya misa. "Kuomba? Mwenye kuomba njo anaenda wa mwisho. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Kwenye bweni letu, mwisho wa muhula, Padri alisimama kwenye ngazi na kuita jina moja moja. Ukiitwa, unaitika kwa Kifaransa, "Prezan!", yaani nipo, unabeba sanduku lako kichwani, unakwenda. Aliyeuliza zamu yake ni lini aliwekwa mwisho. Mwaka mmoja Sezari aliuliza, kwa kuwa mama yake alikuwa mgonjwa. Alibaki na mpishi mpaka mvua zikarudi. Alipofika kwao, walikuwa wameshaanua matanga.

Tangu hapo Sezari hakuomba kitu. Alikuwa amekaa msituni mavuno mawili, akimpenda dada yangu kwa moyo wote na kungoja zamu.

Asubuhi nilikwenda kwa karani wa kambi, mtu mwenye kalamu sikio la kulia na nyingine sikio la kushoto.

"Sezari?" alishangaa. "Yeye haombi. Tulizani haina jamaa. Konje yake iko hapa, inaoza. Akuye aombe na kinywa yake."

"Hataomba, Papa. Bora mumuite."

"Kumuita namna gani?"

Nilimfundisha. Nilitumia Kifaransa chote cha masomo ya jioni, na kilichobaki nikafanya kwa mikono. Karani alicheka mpaka kalamu ya kushoto ikaanguka, lakini vibarua walipojipanga, alipanda juu ya kreti, akakohoa, akamwita kwa majina yake yote mawili:

"Bahati Sezari! Konje!"

"Prezan!"

Nyani wa eneo lile walihama, na nasikia hawajarudi. Sezari aliingia ndani akatoka na sanduku kichwani. Lilikuwa limefungwa tayari. Nadhani lilikuwa limefungwa tangu mavuno ya kwanza.

Njia ya kurudi tuliikimbia. Kwa Gaspari tulipita wakati anavuta pumzi. Anselmi alitupa maini na machozi. Tulipanda mlima wa kwetu alasiri, na kutoka chini niliona baiskeli imeegemea ukuta.

Mtungi ulikuwa umefunguliwa. Baba alikuwa ameketi na wazee, mrija wa mgeni umechomekwa bila mwenyewe, na Dominiko yuko ukingoni mwa mkeka, shati jeupe, mkono wake njiani kuelekea kwenye mrija kwa mwendo wa kinyonga. Mimi niliingia nikakaa, kinywa kimefungwa, ndivyo mshenga anavyotakiwa.

Sezari alisimama kwenye ua. Sanduku kichwani, visigino pamoja. Anangoja.

Baba alimtazama, akatazama mtungi. Wazee wakakohoa. Nilimfanyia Sezari macho, nikamfanyia nyusi, nikafanya mpaka masikio. Hakusogea. Mkono wa Dominiko ulisogea.

Furaha alikuwa upande wa jikoni akipepeta maharagwe. Hakunyanyua kichwa. Alivuta pumzi, na sauti ya Padri ikatoka, ya puani kabisa:

"Bahati Sezari!"

"Prezan!"

Alipita mbio uani, akatua sanduku, akashika mrija, akanywa mpaka mtungi ukaguna. Dominiko naye alikuwa wa shule ile ile. Alinyanyuka nusu, akabaki hivyo, akisikiliza kama jina lake linafuata. Halikufuata. Alibeba baiskeli yake begani akashuka taratibu, na mama alimfungia ndizi za njiani.

"Nani amemuita?" baba aliuliza. "Mimi sikumuita. Mushenga hakumuita."

"Mwenye kumungoja," mama alisema, akamjazia baba kikombe.

Nimezunguka Masisi na Walikale nikiuliza habari za wenzangu, nami nimejifunza kwamba shule yetu ilitufundisha vizuri sana kuitika. Hilo lingine, la kuanza bila kuitwa, kila mmoja amelitafuta peke yake, Anselmi kwa ng'ombe, Gaspari kwa maneno. Sezari alilipata jioni ile. Wazee walipokuwa wakiaga, aliweka mrija chini, akanyoosha mkono juu kama yuko darasani.

"Papa," alimwambia baba yangu, "ninaomba."

"Unaomba nini?"

Alimtazama Furaha, na Furaha akaacha kupepeta.

"Ninaomba Furaha. Na kwa kuomba, musiniweke wa mwisho."