Kadi ya Rangi na Ungo wa Maharagwe

Nawadharau watu waliokaa mahali penye kiyoyozi wakaamua kwamba ngozi ya mtu wa Bungoma ina uwaridi ndani yake. Sijawahi kuwaona wala sitaki. Kazi yao niliiona kila asubuhi nilipofungua kompyuta katika studio yangu ya Kitale, chumba kimoja juu ya duka la mbegu.

Kwa asiyejua, picha ghafi inayotoka kwenye kamera ni kama unga, bado haijawa chakula. Programu ya kuhariri ndiyo inayopika, na profaili ya rangi ndiyo inayoielekeza: wekundu kiasi hiki, kijani kiasi hiki. Profaili ya kamera yangu, kazi ya wale wa kiyoyozi, ilikuwa mpishi wa ovyo. Ilimchukua mtu mweusi wa kukolea ikamtoa amepauka, mashavu ya waridi, midomo ya kijivu.

Wateja hawakulalamika, na hilo nalo nililidharau. Kijana mmoja wa bodaboda kutoka Kipsongo aliitazama picha yake, akajiona amekuwa mweupe, akacheka kwa furaha.

"Niaje, umenitoa rangi ya thao, bana! Hii naweka status."

Nilimtazama usoni, nikaitazama picha. Hawakuwa na undugu. Jirani yangu mpiga picha, mwenye kibanda chini ya ngazi, alikuwa akiwapausha watu zaidi kwa makusudi na kuwatoza kwa hilo. Nikikutana naye nilikuwa nasalimia ukuta.

Basi nikaamua kutengeneza profaili yangu mwenyewe. Kuna kadi maalumu ya kazi hiyo, yenye miraba ishirini na minne ya rangi zinazojulikana kwa hakika. Unaipiga picha, programu inalinganisha inachokiona na kinachopaswa kuwepo, kisha inajirekebisha. Kadi halisi huagizwa kutoka mbali na bei yake ni ya kumkatisha mtu tamaa. Mimi nilijiona mjanja. Nilipata picha ya kadi hiyo mtandaoni, nikaipeleka saiba, duka la intaneti na uchapishaji, pale karibu na steji ya matatu, nikamwambia dada wa mashine anichapishie kwenye karatasi ya kung'aa. Kisha nikaipiga laminesheni isilowe.

Kwa kadi hiyo nikatengeneza profaili. Nikajivuna nayo miezi mingi. Katika kundi la wapiga picha la WhatsApp niliandika aya ndefu za kuwadharau wote waliokuwa wakitumia profaili ya kiwandani, nikawaita wapika supu ya maji. Wakanyamaza. Nilidhani ni heshima.

Kisha baba akafa.

Picha ya mazishi ilikuwa yangu kuchagua, nani mwingine? Nilikuwa nimempiga nyumbani Kabuchai, ameketi mbele ya shamba la miwa, amevaa koti lake la kahawia la kwenda kanisani, anacheka na mtu asiyeonekana. Baba alikuwa mweusi, weusi wenye wekundu kwa mbali. Niliifungua ile picha ghafi, nikaitia profaili yangu, nikaituma ikachapishwe. Dada yangu aliiona kabla haijachapishwa.

"Si amekaa mweupe? Ati ni yeye kweli?"

Nikamjibu kwamba rangi zimepimwa, kwamba yeye ni mwalimu wa chekechea na hajui mambo ya rangi. Macho yangu mwenyewe yalikuwa yameona alichokiona. Niliyanyamazisha kwa sababu ya kadi.

Kwetu msiba hauandikiwi anwani. Bango lenye picha ya marehemu hufungwa kwenye nguzo pale njia inapochepuka kutoka barabarani, na chini yake mshale. Mgeni anamwangalia marehemu, anamtambua, anafuata mshale. Jumamosi ile kulikuwa na mazishi mawili upande ule na mabango mawili kwenye nguzo moja.

Rafiki wa baba, ambaye hakuwa amewahi kufika kwetu, alitoka Endebess alfajiri. Walikuwa wamefanya kazi ya trekta pamoja kwenye mashamba ya mahindi tangu ujana, na baba alikuwa amesema waziwazi, akiwa na akili zake, kwamba huyo ndiye atakayesimama kumzungumzia, si mchungaji wala chifu. Mzee akafika kwenye nguzo. Akatazama bango la kwanza, la bibi kizee. Akatazama la pili, akaona mwanamume mwenye mashavu ya waridi asiyemjua. Jina hakulisoma, maana shule hakuipitia. Akadhani amekosea siku. Akarudi Endebess.

Tulimngoja mpaka jua likawa kali na watu wakaanza kunung'unika. Baba akazikwa bila neno la mtu aliyemtaka. Mzee alipopiga simu Jumapili kuuliza mazishi ni lini, mama ndiye aliyepokea. Alimsikiliza, akakata simu, akaniangalia.

"Hakumjua," akasema. "Rafiki yake hakumjua."

Tangu siku hiyo mama hakukubali nimpige picha. Nikiinua kamera, anainuka anaingia jikoni. Mara moja alinieleza sababu bila kupandisha sauti.

"Mimi nikikufa usiweke picha. Weka hata kiatu yangu pale kwa barabara. Kiatu watu watajua."

 Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba, daktari alikuwa amebadilisha dawa mara mbili, na mimi ninayepiga picha za harusi za watu nisiowajua sikuwa na hata moja ya mama yangu.

Msimu wa maharagwe nilienda Kabuchai. Nikamkuta uani na ungo mapajani, anachambua. Mama anayajua maharagwe kama mimi ninavyodai kujua rangi. Hutenganisha mbegu ya mwaka huu na ya mwaka jana kwa wekundu tu, na wafanyabiashara wa Bungoma hawajaribu kumchanganyia. Niliupiga picha ule ungo, kwa kuwa ungo haukimbilii jikoni, nikaifungua kwenye laptopu nikamwonyesha.

Akainama. Akacheka kicheko kibaya.

"Hii ni maharagwe ya wapi? Hii si yangu. Hii imelala kwa maji."

Nikaanza kumweleza kwa subira ya kumdharau, sioni aibu kukiri, kwamba rangi zimepimwa kitaalamu. Nikatoa kadi yangu kwenye mkoba. Akaipokea, akaigeuza, akachukua punje moja nyekundu na kuiweka juu ya mraba mwekundu.

"Ulitoa wapi?"

"Nilichapisha Kitale."

"Na ile mashine ilichapisha hii, ilijua rangi kutoka wapi?"

Nikaitazama ile kadi upya.  Nilikuwa nimepima ulimwengu mzima, na uso wa baba, kwa wino wa saiba uliokuwa unakwisha. Nyani haoni kundule. Wale wa kiyoyozi hawakuwahi kumwona baba. Mimi nililelewa naye.

 Mama alitandaza ungo upya: maharagwe mekundu upande mmoja, mahindi meupe katikati, fiwi nyeusi ziitwazo njahi alizopewa na jirani wa Kitale, jani la mboga ya sukuma, kipande cha mkaa, konzi ya udongo. Kisha akaweka mkono wake mwenyewe juu ya ukingo.

"Piga hiyo. Halafu ulinganishe na hii, si na karatasi."

Nikapiga. Nikaketi kizingitini, ambapo jua halifiki lakini mwanga upo, ungo na laptopu bega kwa bega. Rangi za skrini nilikuwa nimezinyoosha kwa kifaa cha kuazima. Hicho angalau hakikutoka saiba. Nikaifuta profaili yangu ya majivuno, nikaanza kuvuta wekundu polepole, kisha kijani, kisha buluu, mama akiwa hakimu. "Sukuma imekuwa ya plastiki. Rudisha." "Mkaa iko sawa." "Udongo bado. Bado. Hapo." Tulikaa hivyo mpaka kuku wakaanza kutafuta pa kulala. Sijawahi kuwa na mwalimu mkali hivyo, wala mwanafunzi mpumbavu kama niliyekuwa.

Mwishowe akautazama mkono wake kwenye ungo, akautazama kwenye skrini. Akautazama tena ule wa kwenye skrini, na makovu ya panga ya zamani.

"Huo ni mkono yangu," akasema.

Nikahifadhi. Ndipo nikakumbuka jambo ambalo fundi yeyote angelikumbuka mapema zaidi. Picha ghafi haiharibiki. Profaili inaipaka tu kwa juu, na unga wenyewe unabaki ndani kama siku ulipotoka shambani. Kamera ilikuwa ileile. Nikaitafuta picha ya baba, nikaibandika profaili ya ungo.

Waridi likamtoka mashavuni. Koti likawa la kahawia, miwa nyuma yake ikawa miwa, na baba akaja, mweusi na wekundu wake kwa mbali, anacheka na mtu asiyeonekana.

Mama hakulia. Alimkaripia, kama mtu anavyomkaripia aliyechelewa chakula.

"Sasa ndio unarudi?"

Nikamgeuzia kisogo, nikajifanya natafuta chaja. Niliporudi alikuwa amekwisha kufunga kitambaa kipya kichwani na kuketi kwenye kiti cha baba, akiitazama kamera bila kutabasamu. Nikampiga picha. Akaitazama. Alisema nichapishe ya baba kubwa, niipeleke Endebess mimi mwenyewe, nisitume kwa mtu, na nikifika kwa yule mzee niombe msamaha kabla sijapokea chai.