Mwalimu Kidole na Jirani wa Kiti

Kwenye geti la shule ya msingi iliyo mwisho wa barabara ya vumbi kuna ubao unaosema "karibu" kwa lugha za wazazi wote. Mchoraji aliishiwa nafasi, kwa hiyo lugha mbili za mwisho ziliandikwa nyuma ya ubao, upande unaotazama vyoo. Watu wa lugha hizo hukaribishwa wakiwa wanatoka. Mwalimu Mkuu anaupenda ubao huo kuliko anavyowapenda watoto, maana ubao hautapiki na hauombi ruhusa.

Lugha ya Mwalimu Kidole haikuwemo mbele wala nyuma. Mwenyewe hakuwahi kulalamika. Alisema lugha hiyo imebaki na msemaji mmoja tu hapa mjini, na huyo hana haja ya kukaribishwa, amefundisha hapa tangu geti lilipokuwa la miti.

Jina lake la kwenye cheti lilitumika siku ya mshahara tu. Siku nyingine zote alikuwa Kidole, kwa sababu alifundisha kwa kuonyesha. Darasa la Kwanza ndilo darasa ambalo walimu wengine hulikwepa kama wanavyokwepa jirani mwenye kikohozi. Watoto huingia kila mmoja na lugha ya kwao, huyu analia kwa hii, mwenzake anamjibu kwa ile, na kilio ndicho pekee kinachoeleweka na wote.

Kidole aliwahi kuwa mmoja wao. Aliletwa akiwa mtoto, yeye na mama yake, juu ya lori la magunia, akawekwa kwenye benchi la nyuma darasani. Mwalimu wa wakati huo alidhani ni kiziwi, akawa anampigia kelele sikioni. Siku aliyobanwa na haja ndogo hakuwa na neno la kuombea ruhusa. Darasa zima lilicheka. "Nilikaa mwaka mzima kama gunia lililosahauliwa kushushwa," alipenda kusema, na akisema hivyo hakutabasamu.

Ndiyo maana darasani kwake kulikuwa na sheria moja iliyozidi zote. Mtoto mgeni hupewa jirani wa kiti. Kazi ya jirani ni kuushika mkono wa mgeni, kuuweka juu ya kitu, kutaja jina la kitu hicho, kisha kungoja. Mgeni akikwama, jirani anasema "polepole" na kungoja tena. Mgeni akipatia neno lake la kwanza, wote wanapiga makofi. Anayecheka anahamishiwa karibu na mgeni ajifunze maneno ya kwao, adhabu ambayo wajanja wengine waliitafuta makusudi.

Mwaka wa kisa hiki aling'ara mtoto mmoja wa kike aliyeitwa Kimya. Jina alipewa na wenzake alipofika, kwa kuwa alikaa wiki nyingi bila kutoa sauti. Sasa hakuna aliyeweza kumnyamazisha, ila jina lilikuwa limeshaganda.

Kisha asubuhi moja, akifunga kamba za viatu aende kazini, Kidole alipigwa na kiharusi.

Mwili ulirudi, mguu mmoja ukiburuta kidogo. Lugha haikurudi. Aliyoambiwa aliyaelewa mengi, lakini akifungua mdomo kilichotoka ni lugha ya mama yake, lugha ya juu ya lori. Daktari alieleza kwamba hutokea, kichwa ni kama nyumba iliyoungua kikasalimika chumba cha zamani. Wifi yake, fundi cherehani aliyeishi naye tangu kaka yake Kidole afariki, aliuliza hivyo vyumba vingine vitajengwa lini. Daktari alitazama mlangoni na kumwita mgonjwa mwingine.

Kidole alitaka kitu kimoja tu. Kila asubuhi alivaa gauni la kazini, akatia chaki mfukoni, akasimama mlangoni. Wifi akimzuia, aliionyesha shule kwa kidole na kulia. Basi wifi akajitanda khanga akaenda kwa Mkuu.

"Mama, shule hii ni ya lugha zote," Mkuu alisema. "Lakini mwalimu asiyesema hata moja tunamweka wapi?"

"Anasema moja. Nyie ndio hamuijui."

"Wewe unaijua?"

"Mimi nashona nguo. Yeye anafundisha kwa kidole tangu wewe una meno ya utoto."

Mkuu alikohoa. Mwishowe walikubaliana: Jumatatu kamati ya shule itakuja, Kidole afundishe kipindi kimoja mbele yao. Akiweza, abaki. Asipoweza, ataagwa kwa heshima, na keki.

Wikiendi yote wawili hao walifanya mazoezi kwa kopo la vifungo vya nguo. Mpango ulikuwa mzuri. Kidole atamwaga vifungo mezani, atagawa mafungu, atamwonyesha mtoto, mtoto atahesabu kwa sauti. Mwalimu hahitaji neno hata moja. Wifi alijifanya mwanafunzi, na alikuwa mwanafunzi mbovu, anahesabu huku anachagua vifungo vya gauni la mteja.

"Wifi, funga mdomo tu," alimwambia usiku wa kuamkia Jumatatu. "Wakisikia hiyo lugha yako tumekwisha."

Kidole aliuziba mdomo wake kwa kiganja, na kwa mara ya kwanza tangu augue wakacheka pamoja.

Kamati ilikaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika masikioni. Mwenyekiti, muuza saruji, alikalia viti viwili. Kidole aliingia, watoto wakasimama, akawaketisha kwa kiganja. Vifungo vikamwagwa. Akaonyesha, mtoto akahesabu. Akaonyesha mwingine, naye akahesabu. Mwenyekiti alianza kusinzia, dalili kwamba mambo yanakwenda sawa. Nje ya dirisha wifi alianza kupumua.

Kisha kifungo kimoja kikubwa kilidondoka, kikabiringika chini ya meza. Na Kidole, kama alivyofanya maisha yake yote, alimwomba mtoto wa karibu akiokote. Aliomba kwa sauti nzuri ya kawaida, kwa lugha ya mama yake.

Watoto walitazamana. Kwao jambo lilikuwa wazi kabisa: darasani kuna mgeni.

Kimya ndiye aliyeinuka, uso umejaa fahari, maana kamati ilikuwa inatazama na kazi hii aliijua. Aliushika mkono wa Kidole, akauweka juu ya mbao.

"Meza," alisema. Akangoja.

Kidole angeweza kuuvuta mkono wake. Wifi dirishani alikuwa akitikisa kichwa mpaka khanga ikamwanguka. Kidole aliwatazama wakubwa, akamtazama mtoto aliyekuwa akingoja sawasawa kama alivyofundishwa.

"Me... za," alisema Kidole.

Makofi yalimwamsha Mwenyekiti.

"Kiti," alisema Kimya. "Ki... ti," alirudia Kidole. Kisha Kimya akamvuta hadi ukutani, upande wa mwanga. "Dirisha."

Kidole alijaribu. Mdomo ulienda upande. Akajaribu tena, mate yakamtoka.

"Polepole," Kimya alimwambia.

"Samahani, Mkuu," alisema Mwenyekiti, "hapa mwalimu ni nani?"

Kwenye kibaraza Mkuu alimwambia wifi, "Umeona mwenyewe."

"Nimeona. Nimeona watoto waliofundishwa."

"Kweli. Lakini wamesharudi kumfundisha yeye." Akaangalia viatu vyake. "Keki italetwa Ijumaa."

Keki ililetwa. Juu yake waliandika "karibu tena".

Watoto hawakuelezwa kitu, kwa hiyo walifanya kamati yao wenyewe kwenye bomba la maji. Walichambua ushahidi wote, na uamuzi ukawa mmoja: Mwalimu amefukuzwa kwa sababu ya "dirisha".

"Ulimchelewesha," mmoja alimwambia Kimya. "Ungemfundisha haraka angebaki."

Kimya alifunga bomba akarudi darasani.

Nyumba ya Kidole imepakana na uzio wa shule, nyuma ya Darasa la Kwanza. Asubuhi hukaa kwenye kigoda, gauni la kazini mwilini, akisikiliza. Mwalimu mpya ana rula ndefu na hana habari za jirani wa kiti. Alipoletwa mtoto mgeni, alimwelekeza benchi la nyuma na kuendelea na somo.

Wakati wa mapumziko watoto wengine walitoka. Kupitia dirisha lililo wazi Kidole alimwona Kimya akimfuata mgeni kule nyuma, akiukamata mkono wake na kuubamiza mezani.

"Meza. Sema."

Mtoto alianza kulia.

"Sema haraka," Kimya alimwambia, huku akiangalia mlango. "Sema haraka kabla kamati haijaja."

Kidole alinyanyuka akaushika uzio. Akamwita Kimya, akamwambia lile neno la "polepole", mara nyingi, kwa lugha pekee aliyokuwa nayo. Kimya aligeuka, akamtazama mwalimu wake kwa hofu, akafunga dirisha.